Presha za Moyo wa Mjomba Asiyekunywa

Nakuru kila mtu ni mtaalamu wa presha. Kuna anayepimwa kwenye duka la dawa kabla hajanunua hata tembe moja ya maumivu, kuna anayepimwa kando ya barabara akiwa amesimama na mzigo begani, na kuna kina mama wanaopimana kanisani baada ya ibada kwa kile kimashine cha mkononi ambacho betri yake imekuwa ikikaribia kuisha tangu siku kiliponunuliwa. Nambari ikitokea, inatafsiriwa papo hapo. Ikiwa chini ni njaa, ikiwa juu ni mawazo, ikiwa juu sana ni mke wa kijana wako. Nimemsikia mwanamke mmoja akiambiwa kwamba presha yake imeletwa na mwanawe aliyeoa vibaya, naye akatikisa kichwa kukubali, akaridhika kabisa. Mimi ni daktari wa moyo. Katika mazungumzo hayo sijawahi kuulizwa maoni yangu hata siku moja.

Presha ninayopima mimi ni nyingine kabisa. Moyo una vyumba vinne, na kila chumba kina presha yake. Ili kuzijua, tunapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka upande wa kulia wa moyo, na mwingine kwenye mshipa wa mkono mpaka upande wa kushoto. Mgonjwa analala akiwa macho, amefunikwa shuka la kijani, na kwenye skrini mstari unapanda na kushuka kwa kila pigo. Kazi yenyewe ni kuusoma mstari ule. Mashine hutoa pia nambari pembeni, na hapo ndipo uvivu unapopata mlango, maana nambari haikuombi ufikiri. Ninao wenzangu wenye vyeti vya kujaza ukuta mzima ambao husoma nambari, wakageuka kusoma simu. Nawadharau, na sioni sababu ya kuficha.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mkulima wa Dundori. Analima viazi na kabeji, anafuga ng'ombe wa maziwa, na maisha yake yote hajaonja pombe. Si kwa sababu ni mtakatifu kuliko wengine. Ni kwa sababu baba yake, yaani babu yangu, alikunywa shamba zima la Kabazi, ekari baada ya ekari, mpaka familia ikahama na masufuria kichwani. Mjomba alikuwa mtoto wakati huo na hakusahau. Hata dawa ya kikohozi alikuwa akiinusa kwanza, akisikia harufu ya spiriti anarudisha chupa dukani na kumkemea mwenye duka. Kanisani kwao alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, wa kubeba sahani ya mkate siku ya meza ya Bwana, na alivaa koti lake la siku hiyo kama askari anavyovaa sare.

Kisha akavimba. Ilianza miguuni, ikapanda tumboni, na tumbo likaipita miguu kwa mbali. Mikono yake ikakonda, mashavu yakaingia ndani, macho yakawa na umanjano kidogo, na tumbo likasimama mbele yake likiwa limekaza. Pale Dundori mwanamume wa sura hiyo ana maelezo ya aina moja tu. Hakuna aliyeita mkutano, lakini uamuzi ulipitishwa. Alipoyumba akitoka kuchota maji, kwa sababu miguu haikuwa na nguvu, watu walitazamana. Alipoanza kukaa jioni peke yake kwenye stoo ya viazi, kwa sababu akilala chali pumzi ilimkatika na hakutaka kumsumbua mke wake, ikasemekana kwamba chupa iko humo, katikati ya mbegu. Watu ambao hawawezi kukubaliana kuhusu mpaka wa ua walikubaliana kuhusu hili bila shida yoyote.

Wazee wenzake wa kanisa walimwita wakamwambia apumzike kidogo na kazi ya meza ya Bwana, mpaka afya ikae sawa. Walisema afya. Kila mtu mle ndani alijua wanasema chupa, na yeye alijua pia, na wakaomba kwa pamoja wakiwa wamefumba macho. Nikifikiria yale maombi mpaka leo nasikia hasira.

Kwenye kliniki ya karibu, kijana wa koti jeupe hakumuuliza kama anakunywa. Alimuuliza anakunywa ngapi kwa siku. Mjomba akamjibu kwamba anakunywa vikombe viwili, vya maziwa. Kijana alicheka, akaandika ini, akampa vidonge vya kukojoa.

Basi akaja kwangu Nakuru, mkewe akiwa nyuma yake amebeba mfuko wa nguo. Nilipomwona akipanda ngazi ya kliniki nilijizuia nisilie, kwa sababu huyu ndiye aliyenibeba begani kwenda shule wakati wa mvua nilipokuwa msichana mdogo. Akakaa. Hakungoja salamu.

"Wewe si ndio daktari wa moyo?"

"Ni mimi, uncle."

"Sawa. Mimi sijakuja hapa ati nipone. Kupona ni Mungu. Nataka hizo mashine zako ziseme kama mimi ni mlevi. Zikisema hapana, hata nikikufa ni sawa. Nizikwe kama mimi."

Auntie aliangalia sakafu. Nilidhani ana aibu kwa ajili ya mumewe kuzungumzia kifo.

Nilimfungua kola nikatazama shingo. Mishipa ilikuwa imejaa mpaka karibu na sikio. Nikamwambia avute pumzi. Kwa mtu mzima wa afya, ukivuta pumzi mishipa ya shingo hunywea, kwa sababu kifua hufyonza damu kuelekea moyoni. Yake ilipanda. Damu ilikuwa inafika mlangoni mwa moyo na kukosa nafasi ya kuingia. Tena alikuwa amewahi kuugua TB, akatibiwa mpaka akamaliza dawa. TB ikipita kwenye utando unaoufunika moyo, inaweza kuuacha utando huo mgumu, na moyo ukabaki ndani umebanwa, unapiga vizuri lakini hauwezi kutanuka kupokea damu. Damu iliyokosa nafasi inarudi nyuma, ini linajaa, tumbo linajaa maji. Ukimtazama mtu huyo kwa macho ya kijiji utaona mlevi.

Picha ya moyo tuliyopiga ilikuja na ripoti kwamba moyo unasukuma damu vizuri. Bila shaka unasukuma. Hakuna aliyesema hausukumi. Lakini watu wanapenda kipimo cha kusukuma kwa sababu ni kimoja na ni rahisi kukikariri, na mtu akishaona moyo unasukuma anafunga faili na kwenda kunywa chai. Kulikuwa na mambo mawili yanayofanana: utando mgumu nje ya moyo, au nyama ya moyo yenyewe kuwa ngumu. La kwanza, mpasuaji huubandua utando na mtu anarudi shambani. La pili, hakuna cha kubandua. Na kama si hayo mawili, basi kijiji kilikuwa sahihi. Njia ya kujua ilikuwa kuingia ndani na kupima presha.

Tukampunguza maji tumboni kwa sindano, nikamwongezea vidonge vya kukojoa ili aweze kulala chali mezani, nikampa siku. Siku hiyo ilikuwa lazima iwe ya katikati ya wiki, kwa sababu ndipo bingwa wetu huja kutoka Nairobi. Nasema bingwa kwa sababu ndivyo hospitali inavyomtangaza. Ni hodari wa kuzibua mishipa iliyoziba, hilo namkubalia bila kinyongo. Ila mishipa ikiwa wazi anakosa hamu, mithili ya fundi wa mabomba aliyeitwa kwenye nyumba isiyovuja.

Siku yenyewe mjomba aliletwa asubuhi. Nesi alimuuliza maswali ya kawaida. Umekula? Hapana. Umekunywa chochote? Hapana. Nesi akafurahi, maana wagonjwa wetu wengi huja na chapati mbili tumboni na kuapa kwamba ilikuwa ni chai tu. Huyu alijibu kwa heshima na kwa fahari. Hakuna aliyemuuliza tangu lini.

Tuliingiza mirija. Mistari ikatokea kwenye skrini, na mimi nikaisogelea kwa moyo unaodunda kuliko ule niliokuwa naupima. Presha zilikuwa chini. Chumba cha kulia cha juu, chini. Cha kulia cha chini, chini. Upande wa kushoto, chini vilevile, na kila chumba na presha yake tofauti kama inavyotakiwa. Hakukuwa na kitu. Bingwa alitazama nambari, akatazama saa yake, akaanza kuvua glavu.

"Heart iko sawa kabisa," akasema kwa sauti ya mtu anayefunga duka. "Hii ni liver. Mwambie huyu mzee aachane na chupa."

Nimeshasema kwamba mgonjwa hulala akiwa macho. Mjomba alikuwa chini ya lile shuka, uso wake ukitazama dari, na nikaona kidevu chake kikitetemeka mara moja. Alikuja kutafuta ushahidi kwa mashine, na mashine ilikuwa imetoa ushahidi dhidi yake, tena mbele yangu. Niliona aibu ambayo haikuwa yangu wala yake, na nikatoka nje kwenda kumwambia auntie, kwa sababu mtu alipaswa kumwambia na bingwa hakuwa na habari kwamba nje kuna mtu.

Auntie alikuwa kwenye benchi la korido, amejifunga kitambaa kichwani, amepakata chupa ya uji. Kabla sijafungua mdomo alinishika mkono, uso wake uking'aa.

"Umeona vile miguu imeshuka? Kanisa yote imeona. Mungu ni mwaminifu."

"Ni zile dawa, auntie."

"Dawa ni sawa, lakini ni mfungo. Tangu Jumapili hajaonja kitu. Mfungo mkavu! Hata maji hajaweka kwa mdomo. Hata hizo dawa zako za kukojoa alikuwa anameza hivyo tu, kavu. Sijaona mtu anafunga namna hiyo."

Nilimuuliza nani alimwambia afunge mfungo mkavu. Akanitazama kama niliyeuliza nani aliumba jua.

"Ni pastor. Alisema kama ndugu yetu ni safi, tufunge na yeye, na mfungo utaonyesha. Wengine walikuwa wanafungua jioni na chai. Yeye alikataa. Alisema yeye ndio anapimwa."

Nilisimama pale koridoni nikiwa nimekasirika kiasi kwamba masikio yalikuwa moto. Watu wazima, wenye akili za kutosha kuuza maziwa, walimchukua mgonjwa wa moyo wakamnyima maji ili waone kama ana dhambi. Naye, kwa ukaidi ule wa ukoo wetu, akawashinda wote kwa kufunga. Na miguu iliposhuka, kwa sababu mtu asiyekunywa maji huku akimeza vidonge vya kukojoa ni lazima akauke, walihesabu hilo kuwa ni chupa inayomtoka. Yaani lile jambo lililokuwa linamwangamiza walilifanya kuwa ushahidi mara mbili, huku kanisani na huku kwenye skrini yangu.

Kwa sababu sasa nilielewa mistari. Utando mgumu unambana mtu pale tu moyo unapojaa na kuugusa. Gunia jembamba ukilitia debe moja la viazi, halikuonyeshi kwamba ni jembamba, viazi vinacheza tu humo. Mjomba alikuwa amekauka, moyo wake ulikuwa haujajaa, na kwa hiyo haukuwa unagusa kile kinachoubana. Hatukuwa tumepima ugonjwa wake. Tulikuwa tumepima mfungo.

Nilirudi ndani nikakuta bingwa amebakisha glavu moja.

"Usitoe mirija," nikamwambia. "Huyu hajanywa maji tangu Jumapili. Tumpe dripu ya chumvi, haraka, halafu tupime tena."

"Umjaze maji mtu mwenye tumbo kama hii? Are you serious?"

"Niko serious."

"Unatafuta kitu kwa sababu ni uncle yako."

Nikamjibu kwamba ndiyo, ni uncle yangu, na kwamba kama angekuwa uncle yake angekuwa ameshaitundika dripu mwenyewe. Wauguzi walipata ghafla vitu vya kupanga kwenye trei. Bingwa alivuta pumzi ndefu ya mtu anayevumilia watu wadogo, akavaa tena glavu, akasema tufanye haraka kwa kuwa ana mgonjwa mwingine Gilgil, ingawa sote tulijua kwamba Gilgil anapitia tu kununua mboga akirudi Nairobi.

Dripu ikafunguliwa yote. Maji yakakimbia kwenye mshipa wa mjomba, na mimi nikasimama mbele ya skrini. Mwanzoni hakukuwa na badiliko. Kisha mistari ikaanza kupanda, yote kwa pamoja, na ilivyokuwa ikipanda ilisogeleana. Vyumba ambavyo muda mfupi uliopita kila kimoja kilikuwa na presha yake ya kupumzika, kati ya pigo na pigo, sasa vilifuatana mpaka vikakutana. Kulia na kushoto, juu na chini, mistari ikalaliana hata usingeweza kusema upi ni upi. Na kila baada ya pigo mstari ulikuwa ukishuka ghafla, ukapanda, ukakaa tambarare, sawa na alama ya kipeuo cha pili ambayo mwalimu wa hesabu aliichora ubaoni. Moyo ulikuwa unafunguka kwa kasi, unagonga ukuta, unasimama. Nimeona mistari mizuri katika kazi hii. Sijaona uliokuwa mzuri kwangu kama ule.

Lakini nyama ngumu ya moyo nayo inaweza kuchora hivyo. Ilibaki pumzi.

"Uncle, vuta pumzi polepole. Polepole kabisa. Sasa achia. Vuta tena."

Alivuta. Presha ya upande wa kulia ikapanda, ya kushoto ikashuka. Akaachia, zikabadilishana. Akavuta, ikawa vilevile. Nyama ikiwa ndiyo ngumu, pande zote mbili hupanda pamoja na kushuka pamoja, maana kila upande una shida yake na haimhusu jirani. Lakini moyo ukiwa umefungwa ndani ya kitu kisichotanuka, pande mbili zinagombania nafasi moja. Ni watu wawili chini ya blanketi fupi usiku wa Dundori, mmoja akivuta, mwingine anabaki nje. Nilikuwa natazama blanketi likivutwa huku na huku, na nikacheka kwa sauti.

Nikainama karibu na uso wake. "Uncle, si ini. Si pombe. Ni ile TB. Iliacha ngozi ngumu imeufunga moyo wako. Itatolewa, utapona."

Alifumba macho. Machozi yakatelemka pembeni kuelekea masikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali na hangeweza kujifuta.

"Sema kwa nguvu," akaniambia. "Auntie yako asikie huko nje."

Nikasema tena kwa nguvu, mpaka wauguzi wakacheka. Bingwa wakati huo alikuwa anazungumza kwenye simu yake, akirekodi ripoti, na nikamsikia akisema kwamba, kama alivyoshuku tangu mwanzo, mgonjwa ana utando mgumu wa moyo, na kwamba kwa ustadi aliamua kuongeza maji ili kuuthibitisha. Sikumsumbua. Kuna watu ambao ukiwanyang'anya uongo wao wanabaki bila nguo, na sikutaka kuona.

Mjomba alipasuliwa kwenye hospitali kubwa, mbali na Nakuru. Mpasuaji alinieleza baadaye kwamba utando ulikuwa mgumu kama ngozi ya ng'ombe iliyosahauliwa juani, na kwamba alipoubandua, moyo ulitanuka mbele ya macho yake. Baada ya miezi kadhaa mjomba alirudi Dundori na tumbo la kawaida, suruali zake zikimdondoka, akitembea mwenyewe mpaka kwenye zizi. Akaitisha ibada ya shukrani. Nilikwenda nikiwa nimevaa vizuri, kwa sababu mle kanisani kulikuwa na watu niliotaka waniangalie usoni.

Nilipewa kipaza sauti nitoe salamu. Nikatoa zaidi ya salamu. Nikaeleza TB, nikaeleza utando, nikaeleza lile blanketi fupi. Nikasema kwa maneno yasiyo na kona kwamba mjomba wangu hajawahi kunywa pombe, na kwamba ule mfungo nusura uufiche ugonjwa wake mpaka umuue. Watu walipiga makofi ya adabu. Pastor akanishukuru sana, akachukua kipaza sauti, akakifuta kwa leso.

"Daktari wetu ameongea lugha ya hospitali," akasema. "Ni sawa, ni msomi. Wacha sasa niongee lugha yetu. Huyu ndugu mlimwona akiingia kwa mfungo na tumbo. Leo iko wapi? Mungu akikutoa kwa chupa, hata tumbo inajua!"

Kanisa likalipuka. Vigelegele, amina, wengine wakasimama. Kwao kila kitu kilikuwa kimetimia: tumbo lilikuja na pombe, limeondoka na pombe. Hakuna kilichoweza kuthibitisha ulevi wa mjomba vizuri zaidi ya kupona kwake. Wazee wakamrudishia pale pale kazi ya meza ya Bwana, wakimpigapiga mgongo kwa upole, kama anayerudi kutoka mbali. Nilimtazama mjomba. Alikuwa amesimama na koti lake, limempwaya, akiwatazama mmoja mmoja. Alifungua mdomo, kisha akaangalia safu ya wanawake alikokaa auntie, akaufunga. Nikafikiri kwamba amechoka.

Baadaye walinisindikiza kwenye gari. Mjomba alirudi kuchukua gunia la viazi alilokuwa amenichagulia mwenyewe, na auntie akabaki nami. Akaangalia nyuma, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akashusha sauti.

"Mami, asante sana kwa kumwachisha. Mimi hata sikuwahi kumuuliza, nisimwaibishe. Nilikuwa natafuta tu hiyo chupa huko kwa stoo, kila siku akienda kukamua. Sikuipata. Alikuwa anaficha vizuri."

Nyuma yake mjomba alikuwa amesimama na gunia begani, hatua chache tu, na alikuwa amesikia yote. Nilianza kufungua mdomo. Akanitikisia kichwa nisiseme.

Akapita kati yetu, akaingiza gunia kwenye buti ya gari, akaliegemeza vizuri upande lisianguke, akamwambia mkewe alete kamba kwa sababu viazi vitamwagika kwenye mteremko. Auntie akaenda mbio kuitafuta. Tulibaki wawili. Alininyoshea mkono kuniaga, na kwa mazoea vidole vyangu vikatafuta mshipa wake. Pigo lilikuwa zuri, lenye nguvu, halisiti popote.

"Ile siku," akasema, macho yake yakiwa kwenye gunia, "si nilikuambia useme kwa nguvu."